Kitanda cha Dada Hakilaliwi

Aliyenikosa wiki zilizopita asihangaike kutafuta magazeti ya zamani. Yaliyonipata yanaelezeka kwa pumzi moja. Mume wangu, fundi majokofu, alinitoa nyumbani na kumwingiza mwingine kabla mto wangu haujapoa. Nikahamia kwenye saluni yangu, nikawa nalala juu ya viti vya wateja. Saluni nayo ikaungua kwa hitilafu ya umeme, ikaondoka na vioo, madawa na madraya. Nikabaki na begi moja na nywele zilizo kichwani mwangu, msusi asiye na wa kumsuka.

Nikarudi kwa wazazi. Hapo ndipo tulipoachana wiki iliyopita, msomaji wangu.

Nilidhani mabaya yamenichoka. Kumbe yalinitangulia nyumbani, yakawa yananisubiri chumbani.

Mama alinikuta nimesimama mlangoni. Hakunikumbatia. Aliliangalia begi.

"Umekuja kutusalimia au umekuja?"

"Nimekuja, mama."

"Haya, ingia. Ila kitanda cha dirishani hakilaliwi."

Hayo ndiyo yalikuwa makaribisho yangu.

Nyumba yetu ina vyumba viwili na sebule. Chumba kimoja cha wazazi, kingine chetu, wasichana watatu. Baba ni seremala, na vitanda vyetu alivichonga mwenyewe akivipima kwa ukubwa wa chumba, hata mtu wa dirishani ilibidi avuke vya wenzake ndipo afike kwake. Baba alikuwa akicheka, "Hawa hawatagombania nafasi, maana hakuna nafasi ya kugombania."

Dirishani alilala mkubwa wetu, tuliyemwita Dada, bila nyongeza. Katikati nililala mimi, na ndiyo maana hadi leo wananiita Kati. Mlangoni alilala kitinda mimba, tuliyembandika jina la Chiriku kwa sababu alianza kuongea kabla hajaamka na kunyamaza baada ya kusinzia.

Dada alifariki mwaka juzi, humo humo chumbani. Aliumwa tumbo kwa ghafla, wakasema, na kulipokucha hakuamka. Mama hakuwepo, alikuwa mbali akimuuguza bibi. Mimi nilikuwa kwa mume, na nilipoomba ruhusa ya kwenda kuzika alinijibu bila kuinua macho kwenye jokofu alilokuwa akilifungua: "Marehemu hasukwi. Unaenda kufanya nini?"

Usiku ule waliokuwepo nyumbani ni baba na Chiriku tu.

Basi nikaingia chumbani. Kitanda cha Chiriku kilikuwa kimejaa mbao za baba. Changu amehamia Chiriku. Na kile cha dirishani kilikuwa kimetandikwa shuka safi, limenyooshwa likanyooka, mto umepigwapigwa ukafura, kama cha mgeni anayetarajiwa.

"Tutalala wawili hapa?" nikamuuliza Chiriku. "Kichwa kwa miguu?"

"Ndiyo."

"Na kile kipo kitupu?"

"Kina mwenyewe."

"Mwenyewe amekufa, Chiriku."

"Ndiyo," akajibu, kama umemwambia nje kuna mawingu.

Nilimtazama vizuri. Amekonda mpaka mifupa ya shingo inahesabika. Na hayo ndiyo maneno yote niliyoyasikia kwake siku nzima. Chiriku wetu, ambaye zamani tulimlipa peremende ili anyamaze.

Kesho yake nilizunguka mtaani kutafuta vichwa vya kusuka. Nilirudi mchana, saa za watu kujilaza baada ya chakula, jua limekaa juu ya mabati na kila kitu kimya.

Nilimkuta mama ameketi kwenye kigoda, nje ya mlango wa chumba chetu. Sikio ameligandisha mlangoni. Anatabasamu. Tabasamu lile sikuwa nimeliona tangu nilipoolewa.

"Mama, unafanya..."

Akaniwekea kidole mdomoni. Si mdomoni kwake, mdomoni kwangu. Akanivuta niiname nisikilize.

Ndani nikamsikia Chiriku. "Sogea kidogo, Dada."

Ikajibu sauti nyingine. Nzito, ya pole pole, inayoburuza neno la mwisho kama mtu anayevuta ndala. "Nimesogea mpaka ukutani. Sasa unataka nikalale njeee?"

Ndugu yangu unayesoma, mtu anaweza kusahau sura. Sauti ya mtu uliyelala naye chumba kimoja tangu utotoni huisahau. Ile ilikuwa sauti ya Dada.

"Muulize kama amekula," mama akanong'ona kwenye ufa wa mlango.

"Dada, mama anauliza kama umekula."

"Nimekula, mama. Mwambie asihangaikeee."

Mama akafumba macho, machozi yakamtiririka juu ya lile tabasamu.

Mimi nikasukuma mlango.

Chiriku alikuwa peke yake. Ameketi ukingoni mwa kitanda cha dirishani, magoti pamoja, uso kwenye ukuta. Macho wazi. Midomo bado inacheza.

Nilisikia kishindo mgongoni. Mama alikuwa amenipiga ngumi, mama ambaye hata kofi hakuwahi kunipiga.

"Umemfukuza!" akalia. "Ndiyo kwanza alikuwa amefika! Umerudi kutoka kwa mumeo kuja kumfukuza mwanangu?"

Nikasema, "Mama, na mimi ni mwanao."

Akaanza kunyoosha shuka upya, mahali Chiriku alipokuwa amepakunja kwa kukaa.

Jioni ile nilimfuata Chiriku kwenye kamba ya nguo uani. Upande wa pili baba alikuwa akipiga randa kwenye karakana yake, mabati manne na paa.

"Niambie ukweli. Unaigiza?"

Akabana nguo, akabana nyingine.

"Mwanzoni niliigiza. Mama alirudi kutoka kwa bibi, msiba umekwisha, watu wametawanyika. Akawa hali. Anakaa pale mlangoni anamwita Dada aje ale. Siku moja nikiwa ndani nikamwitikia kwa sauti ya Dada. Nikamwambia, kula mama. Akala."

"Na kesho yake?"

"Kesho yake akaja na kigoda."

Baba aliacha randa, akapuliza vumbi, akaendelea.

"Na siku hizi?"

"Siku hizi siitafuti tena ile sauti. Inanitangulia. Nikifungua mdomo niseme langu, naikuta ipo."

"Mwambie mama imetosha."

"Nimeshamwambia, Dada Kati. Nilimwambia kwa sauti yangu. Hakunisikia."

Alisema hivyo bila kulia. Afadhali angelia.

"Huwa inasema nini hasa?"

"Anachotaka mama. Kwamba amekula, kwamba hasikii maumivu. Lakini kuna mengine huja yenyewe." Akageuza macho kule karakana. "Hayo huwa nayameza."

"Mengine gani?"

"Kama ningetaka yasikike, ningeyameza?"

Akachukua beseni lake akaingia ndani.

Sasa kulikuwa na jambo jingine ambalo mama alikuwa amelifungia kabatini. Kiwanda cha kushona sare kilikuwa kimemwita Chiriku kazini, na kina mabweni ya wasichana wake. Wenzake wote aliojifunza nao cherehani walishakwenda. Mama alikataa katakata. Sababu yake nilielezwa na mama mwenyewe, huku ananiangalia kama mjinga: "Aende, halafu nani atabaki na dada yake?"

Nikaona hapa tunamzika wa pili, tena yuko hai.

Nilikwenda kwa baba nikiwa nimejifunga kibwebwe kwa ugomvi. Baba ni mtu wa maneno machache na hasira za karibu. Kila mara mama alipokaa kwenye kile kigoda, yeye alitoka nje akasema, "Upuuzi mtupu," akapiga nyundo mpaka jirani akalalamika.

"Baba, nataka tukitoe kile kitanda. Na Chiriku aende kazini."

Nilikuwa nimeandaa hoja. Sikuzitumia.

"Mama yako anakwenda sokoni kesho asubuhi," baba akasema. "Tutakitoa kesho."

Alikubali upesi mno. Nilifurahi, sikujiuliza. Mtu anayezama haulizi kamba imetoka wapi.

Asubuhi, mama alipopotea kona, baba aliingia na nyundo na tindo. Akasimama kwenye kitanda changu. Hakuvuka.

"Toa godoro wewe," akaniambia.

Nikatoa. Hapo ndipo akasogea, akaanza kugonga maungio. Baba yangu amepigilia misumari maisha yake yote, anaweza kupigilia huku amegeuka anabishana na mteja. Siku ile alijigonga kidole gumba. Akajigonga tena.

"Baba, leo mbona unajigonga?"

"Vumbi."

"Vumbi linagonga vidole?"

"Shika huku!"

Tukatoa mbao nje. Nikapendekeza tumpe jirani wa nyuma, mfua nguo, ana watoto wengi wanaolala chini. Mbao zilikuwa nzuri, mninga mtupu.

"Hiki hakiendi nyumba ya mtu," baba akasema. Akachukua msumeno. Alikatakata kitanda alichokichonga kwa mikono yake mpaka hakikubaki kipande kirefu kuliko mkono, jasho linamtoka, mimi nimesimama tu na godoro kichwani kama kichaa.

Mama aliporudi nilijiandaa kwa mayowe.

Hakupiga yowe. Alitua kikapu. Akapita vitanda viwili, akafika dirishani, akakaa sakafuni pale palipobaki peupe, sakafu ina rangi tofauti kwa kukosa jua. Akapapasa.

"Mmemwambia aende wapi?" akauliza kwa upole.

Baba akajipangusa vumbi la mbao mikononi.

"Nauliza tu. Kitanda mmetoa, sawa. Yeye mmemwelekeza wapi?"

Baba alitoka nje. Chiriku akaziba masikio. Mimi, mwenye mpango wote, nikajikuta naangalia dirisha kama mtu anayetafuta njia aliyopita mwingine.

Siku iliyofuata Chiriku aliondoka, na mama hakuinuka pale sakafuni kumzuia. Nilimpa begi langu, lile lile nililokuja nalo. Nikamsindikiza hadi mwisho wa mtaa, na tulipoikaribia barabara kubwa akaanza kuongea.

Akaongea! Akasema mashine za kule zina taa, akasema mwenzake mmoja anakoroma na ameomba asipangwe naye, akasema viatu hivi vinambana lakini vinapendeza kwa hiyo vinyamaze. Ilikuwa sauti yake mwenyewe, nyembamba, ya haraka, ile tuliyokuwa tukiilipia peremende. Nilicheka huku nalia.

Kisha akanyamaza, akanishika mkono.

"Dada Kati, usimwitikie."

"Nani?"

"Mama. Akiita jina lisilo lako, usiitike. Hata kwa kukohoa."

"Mimi nina sauti ya chura, Chiriku. Siwezi kumwigiza Dada."

"Na mimi nilisema hivyo hivyo."

Akapanda gari akaenda zake.

Nilirudi nyumbani mwepesi. Nikatoa mbao za baba, nikafua mapazia, nikafungua dirisha ambalo zamani halikufunguliwa kwa sababu ya kitanda. Kwa mara ya kwanza maishani mwangu nilikuwa na chumba changu peke yangu. Nilikaa katikati nikanyoosha mikono, na haikugusa mtu.

Furaha ya maskini haichelewi kuvunjika.

Mama aliacha kula. Hakugoma kwa hasira, hapana. Ukimwekea sahani anaitazama, anasema, "Ngoja mwenzenu naye aje." Anangoja mpaka chakula kinapoa, anakifunika vizuri, anakirudisha jikoni. Ikawa hivyo leo, ikawa hivyo kesho, mpaka pete ya ndoa ikamchomoka kidoleni yenyewe, tukaiokota chini ya meza.

Nilimwita muuguzi wa zahanati, mwanamke mtu mzima asiye na mchezo. Akampima kila kinachopimika. Akaniita pembeni.

"Mama yako haumwi kitu. Lakini asipokula ataumwa, na akiumwa akiwa hivi alivyo, tusidanganyane."

"Nifanye nini basi?"

"Kuna mtu yeyote anayemsikiliza?"

Swali gani hilo. Nikasema sijui. Lakini nilijua.

Mchana wa siku ile nilikuwa chumbani nachambua mikia ya nywele bandia za kusukia. Jua juu ya mabati, kimya. Nikasikia kigoda kinawekwa nje ya mlango. Kikatulia.

"Mkubwa wangu," mama akaita.

Nikaziweka nywele chini.

"Mkubwa wangu, upo?"

Nikakumbuka maneno ya Chiriku. Nikauma shuka.

"Sikugombezi kwa kuondoka bila kuniaga," mama akasema. Sauti yake ilikuwa imepungua, kama redio inayokwisha betri. "Nilikuwa kwa bibi yako. Waliponipigia simu nilijua hata kabla hawajasema. Nilitaka tu kukuuliza kama ulikuwa na njaa. Siku ile. Kama ulilala na njaa."

Nikasikia hatua za baba sebuleni. Alikuwa amekuja na bakuli la supu, nilisikia kijiko kinagongana na ukingo. Safari hii hakusema upuuzi. Hakutoka nje.

"Kula kidogo, mama watoto," akasema.

"Ngoja mwanangu anijibu kwanza."

"Hajibu mtu pale."

"Basi na mimi sili."

Kisha nikasikia kichwa cha mama kinaegemea mlango, taratibu, kwa uzito wa mtu asiyeweza tena kukishikilia.

Wewe ungefanya nini? Nitajie mtoto gani angekaa upande wa pili wa ubao ule, anamsikia mama yake anakwisha kama mshumaa, halafu ang'ang'anie ukweli? Nilimkosea Dada kwa kutokuwepo mazikoni. Sikuweza kumkosea mama kwa kuwepo na kunyamaza.

Nikafungua mdomo.

"Sikulala na njaa, mamaaa."

Sikujaribu kuiiga. Nilikuwa nimejiandaa kuiiga, kama mtu anayejiandaa kuruka mfereji, na nikajikuta tayari niko ng'ambo. Ilitoka nzito, ya pole pole. Ikaburuza.

Nje mama akavuta pumzi ndefu, kama mtu aliyetolewa majini.

"Alhamdu... ooh, mwanangu. Nilijua upo."

"Kula sasa."

Na akala. Nilikisikia kijiko. Nikasikia anameza, anaomba maji, anakunywa. Nililia bila sauti, nusu kwa furaha na nusu kwa hofu, maana ulimi wangu ulikuwa baridi kinywani kama wa mtu mwingine.

Nikasema moyoni, mara hii tu. Kesho nitamwambia ukweli.

Bakuli likawekwa chini. Nikangoja baba aondoke zake na nyundo yake, kama kawaida.

Hakuondoka.

"Mama watoto," akasema. Sikuwahi kumsikia baba akiongea hivyo. Ilikuwa sauti ya mtoto aliyevunja kitu. "Hebu muulize... muulize kama amenisamehe."

Mama hakumuuliza asamehewe nini. Alikuwa amelewa furaha yake. Akageukia mlango, akasema kwa upole ule ule, "Mkubwa wangu, baba yako anauliza kama umemsamehe."

Jibu nilikuwa nalo. Jibu la huruma, neno moja tu, ambalo lingemlaza mzee wa watu usingizi wa amani. Sikujua ana deni gani kwa Dada, wala sikutaka kujua. Nilifungua mdomo nimwambie amesamehewa.

"Bado," sauti ikasema. "Amwambie mama kwanza."

Nikajiziba mdomo kwa mikono yote miwili.

Nje nikasikia kigoda kinaburuzwa, na mifupa ya mama inalia anapojiinua kutoka pale alipokuwa amekaa tangu mwaka juzi. Na aliposema, hakuwa akisema na mlango tena.

"Uniambie nini, baba watoto?"